Friesian, Jersey, dume wa jirani au Boran: ndama wa Tanga azaliwe na baba yupi?

Ng'ombe akionekana kwenye joto alfajiri, mfugaji wa Pongwe au Maramba ana mpaka jioni ya siku hiyo kuamua nani awe baba wa ndama. Akichelewa, asubiri siku 21 nyingine. Uamuzi unaofanywa kwa haraka namna hiyo hukaa zizini miaka kumi na zaidi, kwa sababu mtamba atakayezaliwa ndiye atakayekamuliwa, na baada yake binti yake.

Mkoa wa Tanga ulianza mambo haya zamani. Katika miaka ya 1980 mradi wa ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo, uliosaidiwa na Uholanzi, ulianza kusambaza mitamba chotara vijijini, na tangu hapo chotara amekuwa ng'ombe wa kawaida kwenye mazizi mengi ya Muheza, Korogwe na pembezoni mwa jiji. Kwa hiyo swali la wengi wetu leo si kama tufuge chotara. Chotara tunaye. Swali ni apandishwe na nani.

Nalinganisha baba wa aina nne: Friesian kwa mrija (yaani mbegu ya dume iliyogandishwa, anayoitia bwana mifugo), Jersey kwa mrija, dume chotara wa jirani, na dume (au mrija) wa ng'ombe wenye nundu walioboreshwa, yaani Boran, Sahiwal au Mpwapwa. Vipimo ni vitano: maziwa, ustahimilivu wa joto na magonjwa, usalama wa kuzaa, gharama na upatikanaji, na mwisho kabisa mjukuu atakuwaje. Hiki cha tano husahaulika, nami nakipa uzito kuliko vyote.

Lakini vipimo hivi havieleweki bila kujua baba humpa ndama nini hasa.

Kinachorithiwa na kisichorithiwa

Kila chembe ya mwili wa ng'ombe ina kromosomu 60, yaani nyuzi zinazobeba jeni za urithi, zilizopangwa jozi 30. Yai la mama hubeba 30 tu, moja kutoka kila jozi, na mbegu ya dume vivyo hivyo. Ndama anapotungwa hesabu inarudi 60. Nusu imetoka kwa mama, nusu kwa baba, bila kujali nani ni wa bei ghali. Ni kama wazazi wawili wachanganye kila mmoja karata zake na kumkabidhi mtoto nusu: ndama wa mwaka huu na wa mwaka ujao, baba na mama wale wale, hawapati karata zile zile.

Kila jeni basi ipo nakala mbili, na mara nyingi nakala moja hutawala na nyingine hujificha. Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Bi mkubwa anamwita bwana mifugo: "Mwanangu, mimi nilikuomba Friesian. Ndama huyu ni mwekundu. Umenitilia mbegu gani?" Na kijana anaapa, "Bibi, nilitia Friesian, na mrija mtupu uliuona mwenyewe." Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Weusi wa Friesian hutawala na wekundu hujificha. Ng'ombe mweusi akiwa na nakala moja ya weusi na moja ya wekundu, kwa macho humtofautishi na mweusi mwenye nakala mbili za weusi. Akikutana na dume mweusi wa hali kama yake, kwa wastani ndama mmoja kati ya wanne atazaliwa mwekundu, na hakuna aliyedanganya.

Pembe nazo hufuata mkondo huo. Jeni ya kutokuwa na pembe hutawala, kwa hiyo ng'ombe asiye na pembe tangu kuzaliwa anaweza kuwa amebeba pembe kimyakimya na kuzaa ndama mwenye pembe. Ila ng'ombe aliyechomwa pembe utotoni ni habari nyingine kabisa. Kuchomwa hakugusi mbegu wala yai, na watoto wake wanaweza kuota pembe kama kawaida. Ndivyo ilivyo pia kwa alama za masikio, kwa unono uliotokana na mashudu, na kwa chanjo ya ndigana kali: mama amechanjwa, ndama achanjwe ya kwake.

Uwiano huo wa watatu kwa mmoja aliuona mtawa Gregor Mendel kwenye njegere alizopanda katika bustani ya monasteri ya Brno, akauchapisha mwaka 1866. Njegere za duara zikitawala, za makunyanzi zikajificha kizazi kimoja na kurudi kizazi kilichofuata. Kwa mfugaji, neno la kushika hapo ni kwamba sifa iliyojificha haijapotea, bado inasafiri.

Maziwa hayaendi kirahisi hivyo. Hakuna jeni moja ya maziwa. Zipo nyingi mno, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo, na juu yake kuna chakula, maji, joto na mkono wa mkamuaji. Ukichukua ng'ombe wa kundi moja na kuangalia wanavyotofautiana kwa lita, kama robo hadi theluthi ya tofauti hiyo ndiyo inayotokana na urithi unaoweza kuuchagua. Kiwango cha mafuta katika maziwa hurithiwa kwa nguvu zaidi, karibu nusu. Wepesi wa kushika mimba hurithiwa kidogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi. Anayebadilisha dume kila mwaka akitafuta ng'ombe anayeshika mimba haraka angefanya vyema kutazama kwanza ndoo ya maji na hori la majani.

Dume hatoi maziwa, lakini nusu ya jeni za maziwa za binti zake zimetoka kwake. Kifua kipana na shingo nene havikuambii chochote kuhusu jeni hizo. Anayekuambia ni mama yake, dada zake na hasa binti zake wakishaanza kukamuliwa. Rangi nayo haikuambii. Nimesikia watu wazima wakikataa mtamba mzuri kwa sababu hana mabaka meupe, na kumlipia zaidi mwenye mabaka ambaye mama yake hakuwahi kujaza jagi. Mabaka ni jeni za ngozi.

Kanuni ya mwisho ni nguvu ya chotara. Ukizalisha Friesian na zebu (ng'ombe mwenye nundu), kila jozi ya jeni za ndama ina upande mmoja wa huku na mmoja wa kule. Udhaifu uliojificha wa upande huu unafunikwa na upande wa pili, na ndama hukua, huzaa na huhimili magonjwa kuliko unavyotazamia kwa kuwatazama wazazi wake. Nguvu hii imejaa kwenye kizazi cha kwanza. Baada ya hapo inategemea umempandisha na nani, na ndiyo maana nasisitiza mjukuu.

Maziwa

Kwa wingi wa lita, Friesian hana mpinzani. Dume wa mrija, tena, amechaguliwa kwa takwimu za binti zake au kwa vipimo vya vinasaba, kwa hiyo unanunua kitu kilichopimwa. Mafuta ya maziwa yake ni kama asilimia 3.5 hadi 4.

Jersey hutoa lita chache kuliko Friesian, lakini mafuta yake huzunguka asilimia 5, na mwili wake mdogo unakula majani machache. Kama maziwa yako yanalipwa kwa lita tu, mafuta hayo hayakuongezei shilingi. Kama nyumbani mnagandisha mtindi au kutengeneza samli, mtaiona tofauti siku ya kwanza.

Dume wa jirani ni fumbo. Anaweza kuwa mtoto wa ng'ombe bora kuliko wote kijijini, au mtoto wa ng'ombe aliyechinjwa kwa kukosa maziwa. Swali la kumuuliza jirani si dume anakula nini, ni "Mama yake alikuwa anatoa lita ngapi, na kwa miezi mingapi?" Jibu likiwa la kusitasita, ulichukulie hivyo.

Boran ni ng'ombe wa nyama, na mtamba wake usimtarajie afike alipofika mama yake kwa lita. Sahiwal, mwenye asili ya Punjab, ndiye zebu wa maziwa hasa. Mpwapwa, aliyetengenezwa hapa nchini kwenye kituo cha utafiti cha Mpwapwa kwa kuchanganya Sahiwal, Red Sindhi, zebu wetu, Boran na damu kidogo ya Ulaya ikiwamo Ayrshire, yuko katikati: maziwa kiasi, nyama kiasi. Wote watatu bado wanampita zebu wa asili, ambaye anakupa lita moja au mbili zaidi ya alichonyonya ndama.

Joto, kupe na mbung'o

Friesian alitengenezwa kwenye nyanda za baridi za Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani. Kuanzia Desemba mpaka Machi, upepo wa kaskazi ukivuma hapa pwani, jua na unyevu humchosha. Anahema, anaacha kula mchana, maziwa yanashuka na joto la kupandishwa linakuwa gumu kuonekana. Kadiri anavyotoa maziwa mengi ndivyo mwili wake unavyozalisha joto jingi, kwa hiyo urithi ule ule unaokupa lita ndio unaomtesa juani. Banda lenye kivuli, maji muda wote na kulisha usiku hupunguza tatizo lakini hakubadilishi jeni.

Jersey huvumilia joto vizuri kidogo kuliko Friesian. Kwa kupe, wote wawili ni wageni. Ndigana kali, inayosababishwa na kimelea Theileria parva anayebebwa na kupe wa kahawia wa masikio, huwaua kwa siku chache wasipochanjwa au kuogeshwa.

Boran na ndugu zake wamekaa na jua na kupe kwa vizazi vingi. Ngozi yao ni legevu na ina tezi nyingi za jasho, manyoya mafupi, na miili yao hutumia chakula kidogo kujiendesha. Hawana kinga kamili, na chanjo ya ndigana ni muhimu kwao pia, ila ndama wao wana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kwa maeneo yenye mbung'o, nzi wanaoeneza nagana, kama baadhi ya pembe za Pangani na Handeni, hata Boran huugua, ila Friesian na Jersey huteseka zaidi.

Dume chotara wa jirani yuko kati, lakini kwa namna isiyotulia. Yeye na ng'ombe wako wakiwa wote nusu kwa nusu, ndama mmoja anaweza kurithi ngozi ya zebu na tumbo la Friesian, na mdogo wake akapata kinyume.

Kuzaa

Hapa sisemi mengi. Ndama wa Friesian huzaliwa na kilo 40 hivi, wa Jersey karibu 25. Kwa mtamba mdogo anayezaa mara ya kwanza, mrija wa Jersey ni huruma kwa mama na usingizi kwa mfugaji. Boran wa aina yetu hazalishi ndama wakubwa wa kutisha. Dume wa jirani hana hatari sana ila akiwa mzito mno juu ya mtamba mwembamba.

Gharama na upatikanaji

Mrija hutunzwa kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na lazima ufike zizini kwa wakati. Ukimwona ng'ombe kwenye joto asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Kwa aliyeko karibu na jiji au Muheza mjini hili linawezekana. Kwa aliyeko ndani kabisa, bwana mifugo akichelewa na ng'ombe asiposhika, umelipa na umepoteza siku 21. Mirija ya Friesian na Jersey, na ya Boran na Sahiwal, huuliziwa kupitia kwa bwana mifugo. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, Arusha. Mbegu iliyochaguliwa jinsia hukupa jike kwa karibu asilimia 90, lakini ni ghali na hushika kwa shida kidogo. Wala usimlaumu ng'ombe kwa kuzaa madume: jinsia ya ndama huamuliwa na mbegu ya baba.

Dume wa jirani ni rahisi, yupo, na hupanda zaidi ya mara moja, kwa hiyo mimba hushika. Lakini dume anayezunguka hubeba magonjwa ya kutupa mimba kutoka zizi hadi zizi. Dume wa Boran au Mpwapwa kwa kawaida hununuliwa na kikundi, na kikundi kisichoelewana kitamlisha vibaya.

Mjukuu

Chukua ng'ombe wa kawaida wa Tanga, nusu zebu nusu Friesian, aliyejaa nguvu ya chotara.

Ukimpandisha kwa Friesian, mtamba wake atakuwa na asilimia 75 ya Friesian na nusu tu ya nguvu ile. Ukirudia, mjukuu ni asilimia 87.5 na nguvu imebaki robo. Lita zinaweza kupanda endapo chakula kipo. Kisipokuwepo, unabaki na ng'ombe mwenye njaa ya Uholanzi katika kiangazi cha Tanga. Wafugaji wengi wamefika hapa bila kukusudia, kwa kuomba "Friesian" kila mwaka. Upo pia undugu wa kuangalia: dume mmoja aliyesifiwa sana Marekani, Osborndale Ivanhoe, alieneza kupitia watoto wake jeni iliyojificha ya ugonjwa wa kinga unaoitwa BLAD, unaoua ndama wachanga waliopata nakala mbili. Siku hizi madume wa vituo vya mbegu hupimwa kwa jeni kama hiyo, na orodha zao huonyesha nani ni msafi.

Ukimpandisha kwa Jersey, jambo zuri linatokea. Kila jozi ya jeni za mtamba ina upande mmoja wa Jersey na mwingine wa Friesian au wa zebu. Hakuna jozi iliyofanana kwa asili, kwa hiyo nguvu ya chotara inabaki kubwa kuliko ukirudia Friesian, ingawa jozi ya Jersey na Friesian huchangia kidogo kuliko ya Jersey na zebu. Wachache hulijua hili, na naona ndiyo hoja bora ya Jersey kuliko hata mafuta yake. Shida inahamia kizazi kinachofuata, kwani utalazimika tena kufikiri.

Dume chotara juu ya ng'ombe chotara: nguvu inashuka hadi nusu, sifa zilizojificha zinaibuka, na ndama hawafanani. Hatari kubwa zaidi ni undugu. Mtamba huanza kupandishwa akiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili, ukiongeza miezi tisa ya mimba, dume aliyekaa kijijini miaka miwili na nusu ameshaanza kukutana na binti zake. Baba akimpanda binti, robo ya jeni za ndama, kwa wastani, zina nakala mbili zinazofanana, zote zimetoka kwenye nakala ile ile moja ya dume huyo. Udhaifu wowote uliokuwa umejificha unapata mlango. Badilishaneni dume na kijiji cha mbali kabla ya muda huo kufika.

Boran au Sahiwal juu ya ng'ombe wa nusu kwa nusu hukupa mtamba mwenye robo tu ya Friesian, hatua ya kurudi nyuma kwa maziwa. Lakini juu ya yule aliyefika asilimia 87.5 hesabu inageuka: mtamba anakaribia nusu kwa nusu tena, na karibu nguvu yote ya chotara imerudi.

Kwa hali yako

Kama uko Lushoto au milima ya Amani, kuna baridi, una mabingobingo ya kutosha na unanunua pumba bila kukopa, Friesian anakufaa, na asilimia 75 haitakutisha. Hapo hata Ayrshire angefaa.

Kama uko Pongwe, Muheza au Korogwe, una ng'ombe mmoja au wawili wa nusu damu bandani na bwana mifugo anafikika, ningejaribu Jersey sasa, kisha kwa mtamba atakayezaliwa nipime upya kwa kuangalia amekula nini na ametoa nini.

Kama ng'ombe wako ni mweupe na mweusi mzuri wa kupigia picha, lakini kila kaskazi anakonda na ndama wanakufa, damu ya kigeni imezidi hali yako. Tia Sahiwal au Mpwapwa kizazi kimoja. Lita zitapungua, na wanaobaki hai wataongezeka.

Kama unachunga Handeni au Kilindi, ng'ombe wanatembea mbali na josho ni la kusubiri, Boran ndiye mwenzako, na maziwa yahesabu kama nyongeza ya nyama.

Kama hakuna mrija unaofika kwako, dume wa jirani si aibu. Ulizia mama yake, hakikisha si baba wala kaka wa ng'ombe wako, na akaguliwe na bwana mifugo kwa magonjwa ya kutupa mimba.

Na kama umenunua mtamba mnadani na baba yake hajulikani, chagua mrija wa Jersey, kwa sababu hapa kwetu uwezekano wa yeye kuwa ndugu ni mdogo. Kisha andika jina na namba ya mrija kwenye kadi ya ng'ombe kabla bwana mifugo hajawasha pikipiki, ili siku ya kumpandisha binti yake ujue nani asimkaribie.